Kisu Kilichoandika Kigingi cha Arobaini na Moja

Kulwa na Doto, wajukuu zangu,

Juzi mliniwekea visu vitatu juu ya meza mkaniuliza, "Babu, kipi kizuri cha kwenda nacho kambini?" Nikavigeuza, nikanywa chai, nikanyamaza. Doto akamnong'oneza mwenzake, "Amelala." Sikulala. Ulimi wangu ndio huchelewa tangu utoto. Swali la Jumatatu mimi hulijibu Alhamisi, na mara nyingi kwa kalamu. Basi leo ni Alhamisi.

Nimelitoa sandukuni daftari langu la ujana, lile ambalo panya wamelila pembeni. Nilianza kuliandika nikiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu kambini watu walizungumza kwa haraka, na kila nilipokuwa nimeshapata la kusema, wao walikuwa wameshahamia jambo jingine. Yale yaliyobaki mdomoni niliyamwaga humo. Mengi ni upuuzi. Lakini habari za visu zimo.

Nilifanya kazi ya utafutaji madini porini mpaka magoti yakakataa. Nilianza miaka ya hamsini ilipokuwa michanga, nilipoacha shule darasa la kumi baada ya baba kufariki. Wakati ule watu wote wa huku walikuwa na wazimu wa Mwadui. Almasi imeonekana pale, walisema, kwa nini isionekane hapa kwetu, nyuma ya zizi la mjomba? Makampuni yakaleta mahema. Moja likaniandika mimi, kambi yetu ikawa kati ya Kahama na Geita, tukihama kila baada ya wiki mbili au tatu kama wafugaji wasio na ng'ombe.

Kazi ilikwenda hivi. Watu wa mapanga hutangulia wakikata mstari ndani ya msitu wa miyombo, umenyooka kama uzi wa fundi muashi. Kila hatua mia huchomekwa kigingi. Kwenye kila kigingi huchimbwa shimo, na udongo wake huoshwa kwenye karai kuona kama kuna kinachong'aa. Mimi, kwa kuwa nilijua kuandika, nilipewa kuchonga namba kwenye vigingi. Mnasikia ni kazi ndogo. Mnyapara wetu, Shabani, mtu wa Ujiji aliyependa kuvaa koti hata jua likiwa utosini, alisema siku ya kwanza, "Kijana, kigingi kisicho na namba ni kuni. Na mimi sikuja hapa kuhesabu kuni."

Siku ile nilisimama kwenye kigingi cha kwanza nikatazama mbele. Msitu wote umepasuliwa katikati kama nywele zilizochanwa, na huko mwisho wa mstari amesimama mtu mmoja, mdogo kama punje ya mtama, akipunga kitambaa. Hakuna aliyeniambia nishangae. Nilishangaa mwenyewe, mpaka Shabani akaniuliza kama nimeona chui.

Sasa visu.

Mtu wa kambi hahitaji kisu kikubwa. Kikubwa ni panga, na panga lina kazi yake. Kisu kidogo ndicho unachoishi nacho: kuchonga kigingi, kuchuna gome la mti wa mtundu upate kamba, kutoa mwiba unyayoni, kuchuna paa, kukata ugali uliolala. Jumapili moja mchana, tukiwa hatuna kazi, watu walipanga visu vyao juu ya turubai wakaanza kubishana kipi ni kisu kweli. Nakumbuka vitatu.

Cha kwanza ni cha Shabani. Alikinunua dukani Kahama. Kina mpini mwekundu, ala ya ngozi iliyopigwa chapa ya swala, na bapa linalong'aa kiasi kwamba akimaliza kula nyama alichungulia humo kuona kama meno yamebaki na kitu.

"Tazameni," akasema. "Hiki kimetoka ng'ambo. Kimepanda meli."

"Hata panya hupanda meli," akajibu mtu nyuma yangu.

Aliyesema ni Masanja, mchimba mashimo. Masanja alikuwa mtu wa Msalala, mfupi, mpana, na sauti yake ilikaa chini kabisa kama maji ya kisima. Alikitupa chake pale katikati. Cheusi, kibaya, kimeungua ungua, urefu wa bapa hauzidi upana wa kiganja, mpini wa mpingo uliopinda kidogo. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ila ndani kwa ndani, nilivyozoea.

Cha tatu kilikuwa changu. Nilikitengeneza mwenyewe kutokana na kipande cha msumeno wa chuma, nikazungushia mpira wa tairi la baiskeli uwe mpini. Kilikuwa kikali! Ungeweza kunyoa sungura akiwa anakimbia. Nilikipenda.

Masanja hakubishana. Alikwenda jikoni akarudi na kibuyu cha mlenda uliobaki, akatumwagia viganjani, kila mtu na chake. "Haya, chongeni."

Jaribuni, wajukuu. Mlenda mkononi ni kama damu ya mnyama, ni kama jasho na mvua kwa pamoja. Kisu cha Shabani kiligeuka mkononi mwake kama samaki, nusura amkate mpishi. Changu kilishika vizuri kwa ule mpira, nikaanza kujisikia, nikakaza kwenye kijiti cha mninga. Kikalia *ting!* Ncha ikakatika, ikaruka, ikatua kwenye kikombe cha chai cha Shabani.

Akaitazama chai. Akanitazama mimi. "Bwana Kimya," akasema, na jina hilo likanishika miaka yote, "kumbe ukitaka kusema na watu, unarusha chuma."

Kisu cha Masanja kiliendelea kuchonga. Mpini wake ulikuwa umenenepa katikati na kukonda kidogo karibu na bapa, mkono unajua wenyewe pa kusimama. Akakigeuza akatuonyesha kitako: pametokea kichuma kidogo kilichopigwa kikapindwa. "Mkia wa chuma umepita ndani ya mpini wote mpaka huku," akasema. "Cha Shabani mkia wake unaishia hapa," akaonyesha urefu wa ukucha. Shabani akamwambia hayo ni maneno ya wivu. Mwezi haukuisha. Alikitumia kufungulia kopo la samli, bapa likabaki kwenye kopo, yeye kabaki na mpini mwekundu. Aliuweka mfukoni miezi mingi, sijui akiuomboleza.

Kesho yake asubuhi Masanja alinikuta nahangaika na kile kipande changu. Alikuwa na visu viwili, vyote kazi ya mhunzi mmoja. Akachomoa kimoja, akakiweka juu ya jiwe mbele yangu, akarudi nyuma hatua moja.

Nikanyoosha mkono apate kunipa.

"Kisu hakipokelewi mkononi," akasema. "Kinaokotwa. Nikikupa mkononi nimekukabidhi na ugomvi. Ukikiokota, ni uamuzi wako."

Nikakiokota. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, halafu nikausahau uzito wake, kama vile mtu anavyosahau uzito wa mkono wake.

Mengi ya kunoa alinifundisha yeye. Kwamba kinoo kilowe. Kwamba ulaze bapa kama unataka kumenya ngozi nyembamba ya kinoo chenyewe, usilisimamishe. Kwamba usijaribu makali kwa kidole gumba kama wanavyofanya watu wa sinema. Chukua bua kavu la nyasi, lisimamishe, kisu kikilikata bila kulipinda basi kimeiva. Kwamba kikirudi ndani ya ala kiwe kimepakwa samli. Kwamba ala ishonwe ngozi ikiwa mbichi, ikaukie juu ya kisu chenyewe, na isitundikwe chini, panya anapenda ngozi yenye samli kuliko anavyopenda watoto wake. Haya yote yamo daftarini, na kwa bahati mbaya panya naye kayasoma.

Sasa nifike kwenye kosa. Ningeweza kuliruka, hakuna aliye hai wa kunisuta.

Masika yakaja. Vigingi vikawa vya mti mbichi, mgumu, namba moja inakula robo saa na viganja vinachubuka. Mvua ikipiga, maandishi yanavimba, "3" inafanana na "8", Shabani anafoka. Nikawaza, kwa akili ya darasa la kumi. Nikaenda nyuma ya hema langu, nikawasha moto wa makaa ya mtundu, nikachomeka ncha ya kisu mpaka ikawa nyekundu. Kisha nikaandika nayo.

Niamini, Kulwa, sijapata kuona kitu kama kile. Chuma kiliingia kwenye mti kama kwenye siagi, moshi mweupe ukapanda, na namba ikabaki, nyeusi, laini, imekaa kama imezaliwa na mti. Nilifanya vigingi kumi asubuhi ile. Bwana mpimaji, Mzungu aliyekuwa hasemi na mtu isipokuwa na darubini yake, alisimama kwenye kigingi, akakishika, akapitisha kidole juu ya namba. "Nani kafanya?" Shabani akanionyesha. Akasema, "Vizuri sana." Maneno mawili tu ya sifa, nimeyaandika daftarini mara tatu.

Watu wakaniuliza ninafanyaje. Nikatabasamu. Nilikuwa na siri, na kwa mtu asiyejua kuongea, siri ni utajiri. Kila siku niliingiza kisu motoni, nikakitoa, nikakiacha kipoe polepole juu ya jiwe, nikakisugua kwa mchanga kutoa weusi.

Wiki ya pili nikaona jambo. Nikinoa, kinapata makali upesi mno, upesi wa ajabu. Nikikata kamba mbili tatu, makali yamekwisha, kama hayakuwapo. Nikanoa tena. Yakaisha tena. Nilijua kuna kitu nimekiua. Na Masanja alikuwa hema la tatu kutoka langu, hatua kumi na nne, nilizihesabu. Sikwenda. Daftarini niliandika: "Nitamwambia Jumamosi." Halafu: "Nitamwambia Jumamosi nyingine."

Kigingi cha arobaini na moja kilikuwa bondeni, upande wa Segese, penye udongo mweusi juu na changarawe chini. Shimo lilikuwa limefika kina cha watu watatu waliosimama kila mmoja mabegani mwa mwenzake, na upana wake mtu akitanua mikono anagusa huku na huku. Juu ya mdomo wa shimo kulikuwa na winchi ya mti, gogo lenye mikono miwili la kuviringishia kamba. Mchimbaji hushuka na kamba ya katani imefungwa kifuani, chini ya makwapa. Kamba nyingine ni ya ndoo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka baada ya mvua ya usiku mzima. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pale pale nikipigilia kigingi changu kizuri badala ya kile cha zamani kilichovimba. Nikasikia mlio kama wa ng'ombe anapolala chini kwa uzito. Kisha Masanja akaita mara moja.

Ukuta wa upande mmoja ulikuwa umeshuka, ukamfukia mpaka kiunoni. Watu wa winchi, kwa hofu, wakafanya kile ambacho kila mtu angefanya: wakavuta. Udongo umemshika miguu, wao wanamvuta kifua. Lile fundo lililofungwa lisiteleze, kwa matope na nguvu ile, likateleza. Kitanzi kikamkaba kifuani kama chatu.

"Legezeni!" Shabani akapiga kelele. Wakalegeza. Lakini katani iliyolowa ikikaza haifunguki. Tulimwona kule chini anahangaika nayo kwa vidole, kisha mikono ikashuka. Akawa anapumua kwa sauti ndogo, fupi fupi, kama mtu anayepuliza uji.

"Nani ana kisu?" Shabani akauliza.

Sasa fikirini. Mapanga yapo, lakini nani atatumia panga ndani ya shimo lile, juu ya kifua cha mtu? Kisu cha Masanja mwenyewe kipo kiunoni kwake, chini ya udongo. Cha Shabani kilifia kwenye kopo. Cha mpishi kipo kambini, mwendo wa nusu saa. Wote wakanigeukia mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa mwembamba kuliko wote.

Nikatia mguu kwenye kitanzi cha kamba ya ndoo, wakanishusha.

Huko chini kuna harufu ya udongo ambao haujawahi kuona jua. Nilisimama juu ya kifusi, goti langu likigusa bega lake. Uso wake ulikuwa na rangi nisiyotaka kuiandika. Nikaweka kisu kwenye kamba, mgongoni kwake, nikavuta.

Kikateleza. Nikavuta tena. Ni kama nilikuwa nakata kwa kidole. Nyuzi mbili tatu za katani zikasimama kama nywele, basi. Nikasugua, nikasugua, machozi yakaanza kunitoka, na juu Shabani anapiga kelele, "Kata! Bwana Kimya, kata!"

Masanja akasema, kwa pumzi iliyobaki, "Noa."

Nikadhani anaweweseka.

"Noa. Jiwe… ukutani. Kulia."

Nikapapasa ukuta wa kulia. Mawe yalikuwa mengi, changarawe tupu, mengine meupe yanang'aa. Nikashika moja jeupe.

"Si jeupe. Jeupe linauma makali. La kijivu. Chini kidogo. Laini."

Lilikuwapo. Jiwe la kijivu, bapa, limelowa, limekaa ndani ya ukuta kama liliwekwa kwa ajili yangu. Mpaka leo, nikiwa mzee kuliko alivyokuwa yeye, hili linanisimamisha nywele. Mtu hana pumzi, kifua kimekabwa, udongo unaweza kushuka tena wakati wowote, na anajua kila jiwe la ukuta alioupita kwa sururu yake, rangi yake na tabia yake.

"Laza bapa," akasema. "Polepole. Una muda."

Hakuwa na muda. Muda ule alinipa mimi.

Nikanoa, mara sita huku, mara sita huku. Kisu kile kilikuwa kimelegea, lakini chuma laini kina wema wake mmoja: kinapata makali upesi. Nikakata. Kamba ya katani ina misokoto mitatu. Msokoto wa kwanza ukaachia, kisu kikawa butu. "Noa," akasema. Nikanoa. Msokoto wa pili ulikuwa umezama kwenye nyama ya mgongo, nikaingiza kidole changu chini yake ili nikikosea nijikate mimi. Kovu hili mnaloliuliza kila Krismasi, ndilo hilo. Ukakatika. Sasa hakusema noa. Alikuwa hasemi tena. Nikajisemea mwenyewe, kwa sauti, mara ya kwanza katika maisha yangu kupiga kelele mbele ya watu: "NOA!" Shimo likarudisha sauti. Nikanoa. Nikavuta.

Kamba ikaachia.

Pumzi aliyoivuta mtu yule, wajukuu, nimesikia baruti za migodini, nimesikia radi ya Ziwa, sijasikia kitu kikubwa kama ile pumzi.

Tulimchimbua kwa makarai na kwa mikono mpaka jua likapinda. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Walipomlaza kwenye machela apelekwe kwa mganga wa misheni, watu walinibeba mimi mabegani, wakaimba. Daftari la siku ile lina mstari mmoja tu: "Wamenibeba. Sikusema."

Siku zile zilinitesa kuliko shimo. Kila mtu ananipa mnofu mzuri, mpishi ananiita "bwana mkubwa", Shabani ananisimulia kwa wageni huku akiongeza urefu wa shimo kila Jumapili. Nami najua kwamba kisu kile, kama kingekuwa kile nilichookota juu ya jiwe, kingekata kamba kwa mvuto mmoja, na pengine mbavu zisingevunjika.

Masanja alirudi baada ya wiki kadhaa, akitembea kama mtu aliyebeba yai kwapani. Kesho yake akaniambia, "Twende kwa mhunzi. Chukua kisu." Tulitembea siku nzima kuelekea upande wa Geita, kwa mzee mmoja Mrongo, wa watu wale ambao kufua chuma ni urithi wao. Njiani hakuuliza kitu. Mara nyingi nilifungua mdomo, nikameza nzi mmoja, basi.

"Shikamoo, mzee," tukamwamkia.

"Marahaba. Mmekuja na mgonjwa?" Alikuwa anatazama ala, wala hakututazama sisi.

Nikakiweka kisu juu ya jiwe. Akakiokota. Akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza kama daktari. Akapitisha ulimi, kweli nawaambieni, ulimi, karibu na ncha.

"Hiki kimelala na moto," akasema. "Si mara moja."

Akaendelea kukigeuza. Masanja akatazama paa la kibanda. Wote wawili walikuwa wananipisha.

"Ni mimi," nikamwambia Masanja. "Nilikichoma ili kiandike namba. Nilijua kimeharibika kabla hujashuka shimoni. Nilijua wiki nzima. Sikukwambia."

Masanja akaitikia kwa kichwa, polepole, kwa sababu ya mbavu. "Nilijua kule chini. Nilikisikia kinateleza. Kisu cha mzee huyu hakitelezi kwenye katani."

"Mbona hukusema?"

"Ningekwambia nini? Ningekwambia umekosa, mkono wako ungekufa, na mimi ningekufa nao. Ng'wana wane, mwanangu, mtu akiwa shimoni haambiwi kosa lake. Anaambiwa noa."

Yule mhunzi akauliza, kwa upole tu, akitaka kujua: "Sasa, mwanangu, kwa nini hukutumia msumari?"

Msumari! Tulikuwa na ndoo nzima ya misumari ya inchi sita kwa ajili ya masanduku ya udongo. Darasa la kumi lote halikunipitisha karibu na msumari. Masanja alianza kucheka, akashika mbavu, akasema, "Usinichekeshe, inauma," akacheka tena, akalia kwa maumivu na kucheka pamoja.

Kilichofuata nimejaribu kuwaeleza watu maisha yangu yote. Kibanda kilikuwa na giza mchana, ameziba upenyo kwa makusudi, kwa sababu rangi ya chuma haionekani vizuri kwenye jua. Mjukuu wake alivukuta. Kisu kikaiva mpaka rangi ya pilipili, akakizamisha wima, ncha mbele, kwenye chungu cha mafuta ya karanga. Kikapiga kelele mara moja, kikanyamaza. "Sasa ni kigumu mno," akasema. "Kikianguka kitavunjika kama kile chako cha msumeno." Masanja alikuwa amemsimulia hata hilo! Akakisugua bapa likang'aa, akalaza mgongo wake juu ya chuma cha moto, akaniita nitazame kwa karibu.

Rangi zikaanza kutembea. Sitii chumvi. Kutoka mgongoni kuelekea makali, polepole kama kivuli, ikaja rangi ya nyasi kavu, nyuma yake rangi ya asali, nyuma yake ganda la karanga, nyuma yake zambarau. Hakuna aliyezipaka. Chuma chenyewe kilikuwa kinasema kimefika wapi. Asali ilipogusa makali akakitia mafuta. "Hapo," akasema.

Ulikuwa ni moto ule ule, wajukuu. Tofauti ni nani alikuwa anautazama.

Niliandika vigingi kwa msumari miaka yote iliyofuata, na msumari ule uliniletea sifa nyingi. Masanja hakushuka shimoni tena, mbavu hazikukubali. Alirudi kwao Msalala kulima mpunga. Nilipomtembelea baada ya miaka mingi, mkewe Mama Ndalahwa akanikaribisha ndani, nikaona kitu ukutani. Kigingi. Kimepigiliwa kwenye udongo wa ukuta, kimetundikwa kibuyu cha maziwa. Namba ilikuwa inatazama mlangoni: 41, nyeusi, laini, haijafutika hata kidogo.

"Ulikitoa lini?" nikamwuliza Masanja.

"Siku ileile, kabla machela haijanyanyuliwa. Nilimwambia Shabani akifiche chini ya blanketi."

"Kwa nini?"

Akakitazama kama mara ya kwanza. "Namba nzuri sana ile, Bwana Kimya. Ilinigharimu mbavu mbili. Ningeiacha iliwe na mchwa?"

Haya. Mliuliza kipi kizuri. Kile kirefu, chenye meno mgongoni, kiacheni, ni cha kutishia watu kwenye picha. Kile chenye mpini wa plastiki ya bluu si kibaya, ila kipakeni mlenda kwanza. Cha tatu, kifupi, chenye mkia uliopita mpaka kitakoni, ndicho. Urefu wa bapa lake ni upana wa kiganja cha Doto, nimekipima bila mwenyewe kuniona.

Lakini pembeni yake, juu ya meza, mtakuta nimeweka cha nne. Cheusi, kibaya, mpini wa mpingo uliopinda. Chini yake kuna jiwe la kijivu, na msumari wa inchi sita. Sikuwapa mkononi kwa sababu mnayoijua. Atakayekiokota, siku atakapokiharibu, na atakiharibu, aje aniambie siku ileile. Chumba changu ni hatua tisa kutoka chenu. Nimezihesabu.

Babu yenu